Haluli na Hesabu ya Maji

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Basi na waitazame haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo: ni salfeti ya magnesiamu iliyofungamana na molekuli 7 za maji. Penye baridi kali huzaliwa ndugu yake adimu, ambaye Fritzsche alimweleza mwaka 1837 kuwa na molekuli 12. Mwaka 2006, Peterson na Wang wa Kanada walizichunguza fuwele zake kwa eksirei zikiwa baridi, kwani joto likipita nyuzi 2 huvunjika. Mpangilio wa atomi ukadhihirisha kuwa maji ni 11! Leo huitwa meridianiiti, kwa jina la uwanda ulioko Mirihi. Je, mwalimu, ni neno gani hapa lililomshinda mwanafunzi wako?