Laini ni yako, kesi pia ni yako

Ndugu yangu kijana wa Kibera, nawe wa Kawangware, kuna jamaa mtaani atakuambia: "Nipe tu laini yako, doo ipitie hapo, nitakuachia kitu kidogo." Kataa! Pesa zikiwa za wizi, polisi wataanza na jina lililosajiliwa. Jamaa keshatoweka, wewe uko seli na mama analia.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 haina mchezo. Kuingia kwenye kompyuta au mfumo wa mtu bila idhini pekee ni faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Nani kwenu ana milioni 5?

Lakini pia usitishwe bure. Mwaka 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia Wakenya kutuma maoni bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Akashtakiwa kwa sheria hiyo hiyo. Juni 20, mahakama ya Milimani ikayatupa mashtaka: hayakuonyesha kosa. Kuiba ni uhalifu, kutoa maoni ni haki yako.

Ukikamatwa, kumbuka Kifungu cha 49 cha Katiba: uambiwe sababu, unyamaze ukitaka, uongee na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa ni wikendi. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.