Boti ya faiba hainunuliwi kwa rangi

Kaskazi ikikaribia, simu yangu haipumziki. "Shikamoo mama. Nimepata boti ya faiba huku Sahare, imetumika kidogo tu, mashine inawaka kwa mvuto mmoja. Niichukue?" Namjibu marahaba, kisha namuuliza ubao wa tezi uko katika hali gani. Hapo hunyamaza. Rangi ameiona, mashine ameisikia, bei ameshapunguziwa. Tezi, mahali penyewe panapobeba mashine, hakupagusa.

Mimi ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, Tanga, na boti nilizonazo zote nilizinunua kuukuu. Siendi baharini. Wanaokwenda ni wanangu na watoto wa wenzangu, ndiyo maana sina mzaha na bodi ya chombo. Kwa mvuvi mdogo mwenye fedha za kuungaunga, nasema bila kusita kwamba boti kuukuu ya faiba inaweza kumfaa kuliko mpya ya mkopo. Sharti ni kwamba anunue bodi. Mashine na rangi vije baadaye.

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi serikali inatoa boti za kisasa kwa mikopo nafuu, ikiwemo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Ni jambo jema, na waliopata nawapongeza. Lakini boti hizo haziwezi kumfikia kila mwenye nyavu kuanzia Moa hadi Msimbati. Na mkopo usio na riba nao ni deni. Unadaiwa hata mwezi ambao kusi imefunga bahari na vijana wanashona nyavu barazani. Boti kuukuu unaweza kuitengeneza kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu, na siku ikiingia majini hakuna anayekudai.

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kuchagua. Mtumbwi na ngalawa vilichongwa kwenye mwembe, mashua ikaundwa kwa mbao ngumu juu ya mataruma ya mkoko. Ikivuja, fundi anapiga kalafati, chini inapakwa deheni, safari inaendelea. Leo gogo la maana la kuchonga mtumbwi halipatikani kirahisi, mbao ngumu ni ghali, na ukataji wa mikoko umebanwa na sheria, kwa haki kabisa. Faiba imeingia kwenye pengo hilo. Si kitu kigeni tena. Dunia ilianza kuunda boti kwa nyuzi za kioo na rezini miaka ya 1940, Yamaha wa Japani wakaanza mwaka 1960, na wajenzi wa mwanzo, kwa kuwa walikuwa hawajaiamini sawasawa, waliziunda nene. Ndiyo maana utakuta boti yenye umri wa kumzidi nahodha wake na bodi bado ni ngumu.

Watu husema faiba haiozi. Ni kweli, lakini ukweli huo una mbao ndani yake. Boti nyingi za zamani zina plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba kwenye tezi, kwenye mihimili ya chini na kwenye sakafu. Maji yakipata tundu moja la skrubu lisilozibwa, huingia humo na hayatoki. Nje unaona ganda linang'aa. Ndani mbao imekuwa uji. Kwa hiyo anayekwenda kukagua boti ya faiba, kwa kweli anakwenda kuitafuta mbao iliyojificha.

Kuukuu zinazozunguka mwambao huu zina koo mbili. Wa kwanza ni boti ndefu, nyembamba, iliyo wazi kutoka omo hadi tezi, yenye mabenchi tu. Wa pili ni zile zilizostaafu kwenye utalii: za kuvulia kwa ndoano kule Shimoni, Watamu na Malindi, au za wazamiaji wa Pemba na Mafia. Zina kibanda, sakafu iliyofungwa, makabati, viti vya kuzunguka. Kijana akiiona ya namna hii moyo unamwenda mbio. Namwambia aiache. Kila sakafu iliyofungwa ni mahali usipoweza kuona, na kila kiti kilichofungwa kwa skrubu ni njia ya maji. Chini ya sakafu hizo mara nyingi kuna povu gumu la kuelea, na likishakunywa maji kwa miaka, boti inabeba uzito ambao hukuuvua. Utalipia petroli ya kuyasafirisha maji hayo kila siku. Boti iliyo wazi haina pa kuficha ugonjwa. Mfukoni mwa mtu asiye na fedha za kubahatisha, hilo ni jambo kubwa.

Nenda ukaikague mchana, maji yamekupwa, chombo kimekaa mchangani. Siku za bamvua ni nzuri zaidi kwa sababu maji hukimbia mbali na unapata muda wa kuizunguka. Muuzaji atakuhimiza, "Dada, tupande kwanza uione inavyokimbia." Mjibu kwa adabu: bahari haiendi popote kaka, tuanzie hapa.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika kununua boti ni heri uanzie hukohuko ngamani. Omba maji yote yachotwe jioni, ngama ikaushwe kwa kitambaa, boti ilale ikielea, nawe urudi asubuhi kabla haijaguswa na mtu. Ukikuta maji, chovya kidole uonje. Yakiwa baridi bila chumvi, usiku ilinyesha. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango, na muuzaji akuonyeshe ulipo.

Kisha tezi. Mashine ikiwa imefungwa, mwambie kijana aushike mguu wa mashine aunyanyue na kuushusha kwa nguvu, wewe ukiwa umekaza macho kwenye kona ambapo tezi inakutana na ubavu. Tezi nzima haitikisiki. Ukiona inapumua, au ufa mwembamba unafunguka na kufumba, mbao ya ndani imekwisha. Fundi wangu haridhiki na hilo tu. Huomba ruhusa atoboe kwa ndani, karibu na chini, kwa biti ya milimita 5, huku amekinga kiganja. Unga ukidondoka mkavu, wenye rangi ya mbao, anatikisa kichwa kwa furaha. Ukitoka mweusi, umelowa, unang'ang'ania kwenye biti na kutoa uvundo, hasemi kitu, ananitazama tu. Tundu huzibwa kwa rezini saa ileile. Na muuzaji anayekataa kutobolewa tundu dogo kiasi hicho amekujibu tayari.

Baada ya hapo mnagonga. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili au mpini wa nyundo, gonga shubiri kwa shubiri, kutoka omo, pande zote mbili, hadi chini karibu na mkuku. Ni kama kuchagua nazi sokoni: kazi ni ya sikio. Bodi nzima inajibu kwa mlio mkavu na mkali. Mahali tabaka zilipoachana, au mbao ilipooza nyuma yake, mlio unakuwa bubu. Pazungushie chaki. Ukimaliza, rudi nyuma hatua kadhaa uzitazame alama zako. Zikiwa mbili tatu, mna mazungumzo ya bei. Ubavu ukijaa chaki, muage kwa heri.

Nyufa nazo zina lugha. Zinazotawanyika kutoka nukta moja ni za kugongwa, labda na gati au mashua nyingine, na hizo hutengenezeka. Zinazojipanga sambamba, moja baada ya nyingine, zinasema bodi inajikunja kila ikipiga wimbi kwa sababu mhimili fulani chini umeachia. Hapo usiongee bei kabla ya kuujua mhimili. Malengelenge chini ya mstari wa maji, ambayo ukiyatoboa hutoa majimaji yenye harufu ya siki, yanaogopwa kuliko yanavyostahili. Ni maji yaliyopenya taratibu na kuchanganyika na kemikali za rezini. Yakiwa machache, husagwa, bodi ikaachwa ikauke vizuri, pakazibwa. Mkuku ndio wa kuhofia zaidi kwetu, kwa sababu boti zetu huburutwa juu ya mchanga na matumbawe. Ukiona nyuzi ziko wazi, ngozi ya nje imeisha na bodi inakunywa.

Ukikuta boti imepakwa rangi wiki iliyopita, uliza imefunika nini. Nimeona shimo la ukubwa wa sahani limezibwa kwa pati ya magari, likapigwa msasa hadi likateleza, likapakwa buluu ya kupendeza. Pati ile ni ya milango ya magari. Ikikaa majini hunywa maji, huvimba, na siku ya mawimbi hudondoka kipande kizima. Mimi napendelea boti iliyochakaa, iliyopauka kwa jua, ambayo mwenyewe hakuwa na fedha za kuipamba.

Mashine inunue mbali na bodi, ama kwa uchache ihesabu mbali. Mashine huuzwa, hubadilishwa, hufunguliwa na fundi yeyote mwambaoni, na vipuri vya zile za kawaida havikosekani. Bodi iliyooza haina duka la vipuri. Kanuni yangu ni kuzigawa fedha mafungu matatu: moja bodi, moja matengenezo, moja mashine na vifaa vya usalama. Bei ya boti ikila mafungu mawili, hiyo si boti yako hata kama imekupenda.

Kwenye matengenezo nitasema machache, maana hiyo ni kazi ya fundi. Usifanye wakati wa masika. Rezini haipatani na unyevu. Mbao mbovu itolewe yote, isibakizwe kwa huruma. Kiraka cha faiba hakibandikwi kama stempu juu ya shimo: kingo husagwa ziwe mteremko mrefu, bodi ya milimita 5 ikapewa mteremko wa milimita 60 hivi, ndipo tabaka mpya zilale juu ya zile za zamani na kushikana. Na wanaosaga wavae barakoa na miwani. Vumbi la faiba ni vioo vidogo. Linaingia kifuani kwa kijana na likidondoka ufukweni linaingia baharini tunakovua. Kazi hiyo ifanyike juu, mbali na maji yanapofika, na vumbi lifagiliwe.

Karatasi zisisahaulike. Usajili, leseni ya chombo, na namba iliyoandikwa ubavuni vyote visomeke kitu kimoja. Waulize pia viongozi wa kikundi cha ufukweni pale lilipo diko la boti hiyo; wao wanajua kama boti ina kesi, ina wadai, au ilishawahi kukamatwa na baruti.

Sasa niwageukie wenye maamuzi. Taasisi moja ya fedha iliniambia uso kwa uso kwamba chombo kilichotumika hakikopesheki. Sijaona mantiki yake. Bodi iliyokaguliwa ikathibitishwa ina thamani kama nyumba ya zamani yenye msingi mzuri, na nyumba wanazipokea kila siku. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana watano kikiomba fedha za kubadilisha tezi na kununua rezini, kisikilizwe sawa na kinachoomba boti mpya, kwa sababu kiasi ni kidogo na chombo kitaingia kazini mapema. Wakaguzi wa usalama wa vyombo vya majini wa TASAC nao wapangiwe siku za kufika madikoni kwa ajili ya wanunuzi, mtu apate ushauri kabla hajatoa fedha, badala ya kukataliwa chombo akiwa ameshalipa. Na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye kampasi ya Mbegani kule Bagamoyo, upeleke kozi fupi za kutengeneza faiba hadi kwenye madiko, maana mafundi wetu wengi wamelelewa kwenye mbao na faiba wanajifunzia kwenye boti za watu.

Nani anafaidika tukiendelea kuzitupa boti kuukuu? Faiba haigeuki mbolea na haichomeki bila moshi wa sumu. Kila bodi nzima tunayoiacha ufukweni itabaki pale hadi wajukuu waikute, huku mvuvi wa jirani akidaiwa mkopo wa boti nyingine. Hiyo ni hasara mara mbili.

Hadi hapo wakubwa watakapokubali, nawaambia wanaonipigia simu waanze na gharama ndogo kuliko zote: nauli na posho ya fundi wa nusu siku, ilipwe kabla muuzaji hajapata hata shilingi ya kishika uchumba. Na fundi huyo awe wako, asiwe aliyeletwa na muuzaji.