Jirani kwanza, jamani!

Leo tuongee BitTorrent. Bram Cohen aliitoa mwaka 2001, na wazo lake bado nalisifu: faili inakatwa vipande, kila anayepakua anawagawia wenzake, hakuna seva moja ya kubeba mzigo wote. Ugomvi wangu ni namna itifaki inavyochagua wenzake hao.

Kwa kawaida traka, yaani kompyuta inayotunza orodha ya wanaogawana faili, hukupa majina yaliyookotwa bila mpangilio. Kisha kila sekunde 10 programu yako hupima nani anakutumia data kwa kasi zaidi, nawe unamrudishia huyo. Nipe nikupe. Kila sekunde 30 hujaribu bahati kwa mwingine. Kasi inapimwa. Umbali na gharama, hapana.

Sasa chukua shule mbili, moja Kitale, nyingine Bungoma, zinapakua Ubuntu ileile siku moja. Matatu za kupitia Webuye zinajua miji hii ni majirani, programu haijui. Kila shule inaweza kuvuta vipande vilevile kutoka Ujerumani, mara mbili, kwa kebo ya baharini. Anayelipia safari hiyo ni mtoa huduma, na mwishowe ni wewe. Ipo mbinu ya kompyuta kutafutana zenyewe, lakini huishia kwenye mtandao wa ndani, kama wa jengo moja.

Na barabara ya nyumbani tunayo! KIXP ya Nairobi, ambako watoa huduma hubadilishana data humu nchini, ilianza Novemba 2000, ikafungwa na CCK muda mfupi baadaye, ikafunguliwa tena 2002. Watu waliipigania ili data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Iweje programu isiijali?

Utaniambia bahati nasibu ina faida: kila mtu aking'ang'ania jirani, vipande adimu havitasambaa. Kweli. Basi katika kila nafasi 10, 7 ziwe za walio karibu, 3 za popote. Inawezekana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitoa Ono, programu-nyongeza iliyokisia nani yuko karibu nawe.

Itifaki si sheria ya Mungu. Mtu aliamua kupima kasi peke yake. Sisi tunaoandika programu huku tunaweza kuamua vingine. Au wewe waonaje?