Mgongo hauna faili

Wachuma chai wa Kericho walipeleka madai yao dhidi ya James Finlay (Kenya) katika mahakama za Scotland kuanzia mwaka 2017. Walisema kuinama kutwa nzima na kubeba kikapu cha majani kumewaharibu migongo na mabega. Walikwenda ugenini kwa sababu kampuni hiyo, ingawa mashamba yake yalikuwa Kenya, ilisajiliwa Scotland. Wadai wakaongezeka hadi kupita 1,000. Kampuni ikakana kuwajibika.

Miaka yote hiyo kilichobishaniwa zaidi si mgongo. Ni mahakama ipi iusikilize. Mwaka 2022 Scotland iliruhusu kesi ya pamoja. Kampuni ikageukia mahakama ya kazi ya Nairobi kutafuta amri ya kuizuia kesi hiyo. Scotland nayo ikatoa amri ya kuizuia kampuni isizuie. Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Edinburgh wakalisimamisha shauri, wakitaka wadai wapitie kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya chini ya sheria ya 2007. Katika mwaka huohuo mashamba yakauzwa kwa Browns wa Sri Lanka.

Hatusemi kampuni ina hatia. Kujitetea ni haki yake, na majaji walikuwa na sababu zao. Tunachosema ni kwamba mwenye mawakili anaweza kungoja miaka mingi. Mchumaji mwenye mgongo mbovu hawezi.

Na kwa nini tuyaandike haya Moshi? Kwa sababu nasi tuna watu wanaobeba bomba la dawa mgongoni kwenye mashamba ya kahawa, wakata miwa wa Arusha Chini, na wanaoshinda ndani ya vumbi la viwanda vya kukoboa. Vumbi hilo si hadithi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Muhimbili na Bergen walilipima, na katika matokeo ya mwaka 2011 wanaume wanaokoboa kahawa Kilimanjaro walikutwa na kikohozi na matatizo ya kifua zaidi kuliko watu wa kazi nyingine. Wazee wa Machame na Kibosho wanakumbuka mrututu, ile dawa ya bluu ya kahawa. Nguo za kazi zilirudi nyumbani nazo bluu, zikafuliwa beseni moja na za watoto.

Kisheria tuko pazuri kuliko wengi. Tangu Julai 2015 Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri anachangia, na mgonjwa hatakiwi kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Anatakiwa kuonyesha tu kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Hilo “tu” ndilo linalomwangusha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Lakini kibarua wa msimu, aliyeletwa na wakala na kulipwa mkononi, nani amempima? Baada ya miaka kumi anafika hospitali ya KCMC akihema, daktari anamuuliza alikuwa akifanya kazi wapi, naye hana hata kipande cha karatasi chenye jina la shamba. Hapo kampuni haina haja ya wakili hodari. Inasema haimjui, na kweli haimjui.

Kwa hiyo mwajiri ampime mtu kabla hajashika bomba, ampime tena anapoondoka, na nakala ya majibu apewe mwenyewe, isifungiwe kabatini kwa meneja. Aliyeajiri kupitia wakala asijifiche nyuma ya wakala. Kahawa ni yake. Wakaguzi wa OSHA, chombo cha serikali cha usalama na afya kazini, nao wafike shambani asubuhi dawa inapopigwa, si kuishia ofisini kwenye chai na daftari. Na zikivuma habari kwamba watu wanaumwa, kampuni itoe kumbukumbu za vipimo kabla ya kutoa taarifa kwa vyombo vya habari. Maneno ya kwamba afya ya wafanyakazi ni kipaumbele tumeyasikia, na hatujawahi kuona yanamtibu mtu kifua.

Wapo watakaosema ni gharama. Ni gharama kweli, ila ndogo kuliko ada ya wakili kwa wiki moja Edinburgh.

Kahawa ya mlimani huanza kuchumwa karibu Julai. Vibarua wapimwe kabla, na siku ya kulipwa hesabu ya mwisho kila mmoja ashuke na karatasi yake mfukoni.