Maji Baridi ya Mombasa Si Baridi

Juma hili tumeletewa swali na mwenye nyumba ya wageni katika Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu. Asema fundi wake alimfungia tangi la maji ya moto, akayachanganya na ya baridi nusu kwa nusu, kama alivyozoea kufanya bara. Huko bara watu huoga kwa raha; hapa mgeni hutoka bafuni akipiga kelele. Je, tangi ni bovu?

Tangi ni zima. Kilichokosewa ni hesabu. Maji yakichanganywa kwa vipimo sawa hupata joto lililo katikati. Tuseme tangi lina digrii 60. Mahali pa baridi kama Limuru, maji ya mfereji yaweza kuwa na digrii 18, na nusu kwa nusu hutoa 39, ndilo joto la kuogea. Mombasa maji ya mfereji huwa kama 28, basi mchanganyiko ule ule hutoa 44, nayo ni makali. Hapa zatosha sehemu tatu za moto kwa tano za baridi, upate 40. Lakini hiyo 28 nayo haikai: bomba lililolala juani juu ya mabati saa saba za mchana hutoa maji tofauti kabisa na ya alfajiri. Kwa hiyo anayefungua mifereji kwa kipimo kimoja kila siku ataunguza watu leo na kuwatia baridi kesho. Yapasa kupima maji yanayotoka, si yale yanayoingia.

Msomaji atasema, basi tupunguze joto la tangi, yaishe. La, hasha. Katika maji ya uvuguvugu yaliyokaa, kati ya digrii 20 na 45, huzaana vijidudu vya Legionella viletavyo ugonjwa mkali wa mapafu. Ndiyo maana katika hospitali na mahoteli maji huwekwa kwa digrii 60, kisha hupozwa karibu na mfereji.

Kazi hiyo hufanywa na vali ya kuchanganya. Ndani yake mna kidonge cha nta. Mchanganyiko ukizidi joto, nta hutanuka, husukuma kijiti, na mlango wa maji ya moto hufungwa kidogo, ukipoa, hufunguka. Wenye malori wanaijua nta hii, maana ndiyo iliyo katika thamostati ya injini, ile ambayo mafundi wetu wengi hupenda kuing'oa na kuitupa. (Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto lake, hula mafuta na kulika upesi, lakini hayo tuyaache.) Hata injini kubwa za meli zitiazo nanga Kilindini huchanganyiwa maji yao ya kupozea kwa njia hii.

Faida yake kubwa ni siku maji baridi yakikatika, jambo ambalo wenyeji wa Mombasa wanalifahamu sana, ingawa bomba la Mzima, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, lilimalizwa mwaka 1957. Tangi la juu likiendelea kushusha ya moto peke yake, digrii 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi. Ya mtoto huungua upesi zaidi. Vali nzima hufunga.

Tunasema vali nzima, kwa kuwa maji ya visima vya kisiwa hiki yana chumvi. Hata kisima kirefu kilichomo ndani ya Ngome kilitoa maji ya kuoshea tu. Ya kunywa yalikingwa ya mvua katika birika. Maji ya namna hiyo huacha ukoko ndani ya vali mpaka ikaganda. Basi bwana mwenye nyumba aijaribu mara kwa mara: aweke ndoo, afungue maji yaliyochanganywa, kisha afunge bomba la baridi. Maji yakikoma, au yakabaki matone, vali ni nzima. Yakiendelea kutoka yakifuka mvuke, aufunge mfereji na amwite fundi kabla mgeni mwingine hajaingia bafuni.