Baba wa zamani na baba wa leo

Babu zetu walikula kwa barza pamoja na wanaume wenzao. Firigisi ya kuku ilikuwa yao. Mutoto aliyeigusa alijua kitakachompata. Serikali ilipokataza majina ya Kizungu mwaka wa 1972, watoto hawakuona shida: wao walimwita "Baba" tu.

Baba wa leo anatukatia firigisi, tena anatuomba tumuonyeshe kazi ya telefone. Wazee wanasema heshima imekufa. Sisi hatukubali! Tunamuogopa kidogo, lakini tunamuambia kweli.

Basi tuseme kweli. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimfanya kichwa cha nyumba, na ilipotengenezwa 2016 cheo kilibaki. Mbona siku ya minervali kichwa kinasema: "Muulize mama yako"? Naye mama iko ku soko, anauzisha sombe.