Usiniambie nitoe alama kwa jina, rekebisha linki yako

Wasee, kuna ujinga mmoja wa madevelopa wetu nimechoka kuunyamazia. Unafungua fomu, juu imeandikwa "jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho". Unajaza. Halafu inakurudishia kwa rangi nyekundu: "alama haziruhusiwi". Sasa nishike gani?

Rafiki yangu hapa Isiolo ana jina lenye ng' katikati. Aliomba kazi fulani mtandaoni, akatumiwa imeili yenye linki ya kuthibitisha. Jina lake lilikuwa limetupwa ndani ya hiyo linki likiwa mbichi, na linki ikakatikia hapo hapo kwa ile alama. Kila akibonyeza, ukurasa mtupu. Akapiga simu. Jibu? "Jaza upya bila hiyo alama." Akajaza. Sai jina la fomu na la kitambulisho hayafanani, na ni hao hao watamuuliza kwa nini.

Ng na ng' si kitu kimoja, bana. Mtoto wa darasa la pili anajua ngoma haisomwi kama ng'ombe. Huwezi kutoa alama kwa Murang'a ama kwa Nyong'o ukadhani umetoa pambo.

Na dawa yake ni ya zamani kuniliko. Ndani ya linki kuna alama zenye kazi: ? inaanzisha maelezo, & inayatenganisha, na kinachofuata # kivinjari hakitumi kabisa kwa seva. Ukitaka zisomwe kama maandishi tu, unaziandika kwa %: nafasi ni %20, # ni %23, & ni %26, ' ni %27. Hiyo iko kwa RFC 1738 ya Desemba 1994, ikanyooshwa kwa RFC 3986 ya Januari 2005. Tim Berners-Lee mwenyewe, aliyeanzisha wavuti, ni mmoja wa walioandika zote mbili.

Kwa JavaScript ni encodeURIComponent. Kwa PHP, rawurlencode. Neno moja! Lakini mse anaunganisha vipande kwa mkono kama anashona gunia. Mwingine anatumia encodeURI akidhani ni ile ile, kumbe hiyo inaacha &, # na + zipite. (Na wewe mjuaji: encodeURIComponent haigusi '. Ukifunga linki kwa nukuu moja ndani ya HTML, bado itakatika. Funga kwa nukuu mbili, na ubadilishe alama za HTML pia.)

Anayelipa ni nani? Ni mama wa Bulla Pesa anayeuza maziwa ya ngamia, amewekewa linki ya wa.me yenye ujumbe "Nataka maziwa & nyama". Mteja akibonyeza anapata "Nataka maziwa". Nyama imebaki njiani. Ama namba inayoanza na +254, ikiingia mbichi baada ya ?, seva nyingi zinasoma + kama nafasi, na namba inakataliwa. Mama anadhani simu yake ndiyo mbovu.

Lakini hii ndiyo inaniua kabisa. Tuko Isiolo, mji wa mifugo, na kuna tovuti ya kuuza mifugo ambayo nikitafuta mbuzi, inapata. Ngamia, inapata. Ng'ombe? Kosa. Maze, ng'ombe! Na hata wakirekebisha ', kuna simu zinazoweka ile iliyopinda, ’, ambayo ni %E2%80%99. Mtu aliyeandika "ng’ombe" na aliyeandika "ng'ombe" hawatakutana mpaka developa azifanye kuwa moja kabla ya kutafuta.

Najua mtasema mteja aandike tu kirahisi, maisha yaendelee. Hapana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hii naijua. Wewe una digrii, unalipwa, na unataka babu wa watu abadilishe jina alilopewa kabla kompyuta ifike hapa, ndiyo wewe usiandike neno moja?

Leo usiku fungua fomu yako, mahali pa jina weka hii: Ng'ang'a & Wana #1 +50%. Tuma, kisha soma kilichofika upande wa pili. Kama ni kipande tu, usiguse kile kimaandishi chekundu. Gusa kodi yako.